Mwekezaji Anapobisha Hodi: Mwongozo kwa Kijiji Kinachotaka Kulinda Ardhi Yake

Mgeni anayetaka ardhi ya kijiji nchini Tanzania kwa kawaida haji peke yake. Huja na gari la halmashauri ya wilaya, akisindikizwa na diwani au ofisa ardhi, hupokewa na mtendaji ofisini, na baada ya siku chache huitishwa mkutano ambao ajenda yake ni neno moja tu: maendeleo. Wananchi huelezwa habari za ajira, zahanati, kisima na barabara, makofi hupigwa, karatasi ya mahudhurio huzungushwa ili kila mtu aandike jina na kutia saini, na miaka miwili baadaye wanakijiji wanapouliza ni lini walikubali kutoa ardhi yao, huonyeshwa karatasi ile ile. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa halmashauri za vijiji, wasaidizi wa kisheria na mwanakijiji yeyote anayetaka kujua afanye nini kabla ya mkutano wa namna hiyo, ndani ya mkutano wenyewe, na hata baada ya mambo kuharibika. Haukusudii kumfanya kila mwekezaji adui. Wapo waliofaa. Lakini ardhi ikishatoka kijijini ni nadra kurudi, na kwa sababu hiyo mzigo wa tahadhari uko kwa anayeitoa.

Sheria inasemaje

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria mbili zilizotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Mei 2001, yaani Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zinaigawa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo huisimamia kama mdhamini anavyosimamia mali ya yatima, yaani kwa manufaa ya wenye mali na chini ya macho yao. Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Mwenyekiti anayeweka saini peke yake, au akiwa na mtendaji na wazee watatu chini ya mwembe, hajatoa ardhi ya kijiji hata kama ameshika kalamu na muhuri. Jambo hili lirudiwe katika kila mkutano hadi watoto walijue.

Sheria hizo mbili zina ufa, na ni ufa ambao umewagharimu wanakijiji wengi. Sheria ya Ardhi inapoeleza ardhi ya jumla inaongeza kwamba ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa nayo imo humo, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji haina maneno hayo. Badala yake inatambua kuwa ardhi iliyopumzishwa, malisho na njia za mifugo kwenda majini ni sehemu ya ardhi ya kijiji. Mkulima anajua kwamba shamba lililoachwa misimu mitatu linapumzika, na mfugaji anajua kwamba nyika iliyo tupu wakati wa masika ndiyo itakayookoa ng'ombe kiangazi. Ofisa aliyekuja na ramani anaona pori. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kijiji ni kuhakikisha kwamba hakuna kipande cha ardhi yake kinachoweza kuitwa kitupu kwenye karatasi.

Kazi ya kufanya kabla mgeni hajafika

Anzeni na mipaka. Kijiji kilichosajiliwa hakina budi kuwa na Cheti cha Ardhi ya Kijiji chenye ramani iliyopimwa, na kama cheti hicho hakipo, halmashauri iandike barua kwa ofisi ya ardhi ya wilaya, itunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kisha ifuatilie bila kuchoka. Panapokuwa na mgogoro na kijiji jirani, malizeni ninyi kwa ninyi mapema, kwa maana mgogoro wa mipaka ni mlango ambao mgeni huingilia akidai kuwa ardhi haina mwenyewe anayejulikana. Thamani ya ushahidi wa mipaka ilionekana katika kesi ya vijiji vinne vya Loliondo, vikiongozwa na Ololosokwan, vilivyoishtaki Serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki kuhusu kuondolewa kwa wafugaji mwaka 2017. Septemba 2022 shauri lao lilitupwa kwa sababu mahakama haikuridhika na ushahidi kwamba matukio yalitokea ndani ya ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 Kitengo cha Rufaa kikatengua hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Miaka mingi ya mapambano ya maelfu ya watu ilikuwa inaning'inia kwenye swali la mstari ulipita wapi.

Baada ya mipaka unafuata mpango wa matumizi bora ya ardhi, unaoandaliwa na kijiji kwa msaada wa wataalamu wa wilaya chini ya sheria ya mwaka 2007. Watu wengi huuona mpango huu kama zoezi la wafadhili, watu wakapewa posho na bango la rangi likatundikwa ofisini. Ni kosa. Mpango ndio unaoandika kwamba eneo hili ni malisho, hili ni msitu, hili ni la makazi ya baadaye, hili ni la makaburi na matambiko, na hili ni akiba ya wajukuu. Hapo kuna jambo la kuangalia kwa makini: wapo maofisa wanaoshauri kijiji kitenge eneo la "uwekezaji" ili mpango upite upesi. Kijiji kisichojua eneo hilo litaombwa na nani na kwa masharti gani kitakuwa kimejitolea ardhi kabla hakijaombwa, na kwa maoni yangu eneo kama hilo lisitengwe kabisa hadi mkutano mkuu uelezwe sababu yake.

Hati za Hakimiliki ya Kimila huimarisha nguvu hiyo, lakini zisiishie kwenye mashamba ya mtu mmoja mmoja. Pale ambapo kila kaya imepimiwa ekari zake tano na malisho hayakupimwa, ni malisho yanayoondoka. Njia iliyopo ni hati ya kikundi. Mwaka 2011 jamii ya Wahadzabe katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, ambao maisha yao ni uwindaji na kuokota matunda na asali, walipata hati ya namna hiyo juu ya maelfu ya hekta ambazo mgeni angeziita pori tupu. Wilayani Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao chini ya mpango mmoja wa pamoja na kuyaita OLENGAPA, jina lililotokana na silabi za majina ya vijiji vyenyewe. Kwa misitu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi na kuvuna kwa mpango. Vijiji kama Kikole, wilayani Kilwa, vimeuza magogo ya mpingo kutoka misitu yao na fedha zikabaki kijijini. Ardhi yenye kazi inayojulikana na kuandikwa ni vigumu kuiombea.

Barua inapofika

Mtendaji akipokea maombi ya ardhi aiandike barua katika rejista siku hiyo hiyo, na halmashauri ya kijiji, ambayo inapaswa kukutana kila mwezi, iijadili kabla ya mkutano mkuu haujaitishwa. Mwombaji atakiwe kuleta kwa maandishi jina kamili la kampuni na usajili wake, ukubwa wa eneo, ramani, zao au shughuli, kiasi cha maji atakachotumia na mahali atakapoyachota, muda anaoutaka, na barua za mamlaka zilizomruhusu kufika hapo. Wasiokuwa raia hawamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, kwa hiyo kampuni ya kigeni inayotaka kununua shamba moja kwa moja kutoka kwa mwenyekiti inavunja sheria hata kabla haijashika jembe.

Jihadharini na vipimo. Wanakijiji huhesabu ekari, wawekezaji huandika hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Mtu akisema anahitaji "mia mbili hamsini tu", aulizwe mia mbili hamsini za nini, kwa sababu hekta 250 ni zaidi ya ekari 600. Tarakimu hiyo ina uzito wa pekee kisheria. Ili ardhi ya kijiji ipewe mwekezaji wa kigeni kwa hati ya muda mrefu, ni lazima kwanza ihawilishwe, yaani itolewe katika kundi la ardhi ya kijiji na kuingizwa katika ardhi ya jumla. Eneo likiwa halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa, na ukikataa jambo limekwisha. Likizidi hapo, mkutano mkuu hutoa mapendekezo, na anayeamua ni waziri mwenye dhamana ya ardhi baada ya kuyatafakari.

Hapa sheria inawaacha wanakijiji nusu ya njia, na Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imependekeza kuyaondoa mamlaka ya mwisho juu ya ardhi mikononi mwa serikali kuu. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Hata hivyo, kijiji kilichokataa kwa hoja, kwa kura zilizohesabiwa na kwa mpango wa matumizi ya ardhi ulioambatishwa, kinampa waziri kazi ngumu, na kinaacha nyuma yake kumbukumbu ambayo mahakama inaweza kuisoma. Aidha, sheria inasema ardhi isihawilishwe kabla aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia havijakubaliwa, na kwa hiyo hata pale ambapo kura ya kijiji si ya mwisho, kijiji bado kina kiti mezani.

Siku ya mkutano

Halmashauri inaweza kumtaka Kamishna wa Ardhi au ofisa wake aje kueleza sababu za uhawilishaji na kujibu maswali, na inaweza kumtaka mwekezaji mwenyewe afike. Itumieni haki hiyo. Mkutano ambao mwekezaji anawakilishwa na diwani ni mkutano wa kampeni.

Msiamue siku ya kwanza. Mkutano wa kwanza uwe wa kusikiliza, wa pili wa kuuliza baada ya kutembelea eneo na kuona vigingi vitakapopita, na wa tatu, ikibidi, wa kupiga kura. Atakayewaambia kwamba mwekezaji ataondoka asipojibiwa leo ajibiwe kwa upole kwamba ardhi haiendi popote. Kina mama waulizwe mahususi, na muda wa mkutano upangwe kwa saa wanazoweza kuhudhuria, kwa sababu wao ndio wanaojua kuni zinatoka wapi na kisima kipi hakikauki. Sheria nayo imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Wafugaji waliohama na mifugo kwa msimu wasubiriwe au watafutwe. Kura zihesabiwe kwa mikono, si kwa ukubwa wa makofi.

Sehemu inayoamua mustakabali wa kijiji ni muhtasari, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ardhi ni mali. Muhtasari utaje tarehe na mahali, namna tangazo la mkutano lilivyotolewa, idadi ya wanaume na wanawake waliohudhuria, jina la kila aliyezungumza na alichosema, kila ahadi ya mwekezaji kwa maneno yake mwenyewe, ukubwa wa eneo kwa hekta na kwa ekari, na idadi ya waliokubali, waliokataa na wasiopiga kura. Kama hakuna uamuzi uliofikiwa, andikeni wazi kwamba mkutano umesikiliza na haujaamua. Sentensi hiyo fupi ni kinga kubwa, kwa maana muhtasari ulionyamaza hujazwa baadaye na mwenye haja. Juu ya karatasi ya mahudhurio kuwe na kichwa cha habari kinachoonyesha mkutano ulihusu nini na kwamba saini ni ya kuhudhuria tu. Karatasi isiyo na kichwa isitiwe saini. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, utiwe saini kila ukurasa, kisha nakala zitunzwe mahali pasipopungua patatu, mojawapo nje ya ofisi ya kijiji. Siku hizi simu inatosha kupiga picha kila ukurasa, na mwanakijiji anayepiga picha hizo asionekane mchochezi.

Fidia na ahadi

Wilayani Kisarawe, mwaka 2009, kampuni ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11 ili kulima mbono wa kutengenezea mafuta. Wanakijiji waliahidiwa ajira na huduma, na sehemu kubwa ya ahadi hizo ilikuwa ya mdomo. Mwaka 2011 mradi ulianguka, mamia ya vibarua wakapoteza kazi, na watu waliokuwa wamezuiwa kufika kwenye maji na makaburi yao wakagundua kwamba ardhi haikurudi kwao, kwa kuwa ilikwisha kuwa ardhi ya jumla na hati yake ikaweza kupita kwa mwingine. Kilwa nako, kampuni ya Bioshape ya Uholanzi ilipata takriban hekta 34,000 katika vijiji vinne kwa zao hilo hilo, ikasimama baada ya miaka michache. Katika fedha zilizolipwa kwa ajili ya ardhi, asilimia 60 ilibaki halmashauri ya wilaya na vijiji vikagawiwa asilimia 40. Hakuna aliyehitaji kuwa mwanasheria ili kuona tatizo, ila lilionekana fedha zilipokwisha kugawanywa.

Kutokana na hayo, kijiji kinachoamua kukubali kiandike masharti yake mapema. Mthamini ataje kwa kila kaya thamani ya ardhi, mazao na majengo, pamoja na posho ya usumbufu, usafiri na makazi. Kila kaya ipate nakala ya fomu yake na isitie saini fomu yenye nafasi tupu. Kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, fidia isiyolipwa ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa huongezewa riba, na uthamini uliokaa miaka miwili bila malipo hauna nguvu tena na hurudiwa. Ardhi ya pamoja nayo ina thamani: malisho, miti ya matunda pori, udongo wa kufinyangia na njia ya kisimani vihesabiwe, na malipo yake yaingie katika akaunti ya kijiji na kusomwa kwenye mkutano mkuu, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu.

Ahadi za shule na barabara ziandikwe katika mkataba unaojitegemea kati ya kampuni na halmashauri ya kijiji, ambayo kisheria ni chombo kinachoweza kushtaki na kushtakiwa. Ardhi ikishahawilishwa, kodi ya pango italipwa Serikalini na kijiji hakitakuwa tena na sauti juu ya hati, kwa hiyo mkataba huo ndio utakaobaki mkononi mwenu. Utaje tarehe za kutimiza kila ahadi, njia za watu na mifugo zitakazobaki wazi, na kitakachotokea mradi ukisimama.

Kabla ya yote hayo, ulizeni kama mwekezaji anahitaji ardhi au anahitaji mazao. Katika bonde la Kilombero maelfu ya wakulima wadogo wanauza miwa kiwandani wakiwa juu ya mashamba yao wenyewe. Mpango huo una matatizo yake, ya mizani, ya bei na ya foleni ya kuvuna, na ni matatizo makubwa, lakini mkulima anayegombana na kiwanda juu ya bei bado ana shamba la kusimamia.

Mambo yakiwa yameharibika

Ombeni nyaraka kwanza: muhtasari uliotumika, tangazo katika Gazeti la Serikali, ramani, orodha ya malipo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Mara nyingi nyaraka hizo zenyewe hufichua kasoro, kama vile muhtasari wa mkutano uliofanyika siku ambayo kijiji kizima kilikuwa msibani.

Migogoro ya watu wa kijiji wenyewe huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, husuluhisha tu na halitoi hukumu, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri dhidi ya Serikali au halmashauri lina utaratibu wake: ni lazima itolewe notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Kesi nyingi za wanyonge zimefutwa kwa kuruka hatua hiyo moja. Tafuteni msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 mapema, na msisubiri miaka ipite, kwani madai ya kurejeshewa ardhi hufungwa baada ya miaka 12.

Iwapo mwekezaji ameitelekeza ardhi, halmashauri ya kijiji iandikie wilaya ikieleza, kwa picha na tarehe, masharti ya hati yaliyovunjwa, na kuomba ilani ya ubatilisho itolewe. Mwenye uwezo wa kufuta hati ni Rais. Hati ikifutwa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Hubaki ardhi ya jumla inayosubiri kugawiwa upya, na wenye masikio mjini husikia habari hizo mapema kuliko kijiji. Kwa hiyo barua ya kuomba ardhi irejeshwe, ikiwa na muhtasari wa mkutano mkuu, orodha ya kaya zisizo na mashamba na ramani ya matumizi yanayokusudiwa, ipelekwe pamoja na ile ya kuomba hati ifutwe, siku hiyo hiyo, na zote mbili zigongwe muhuri wa kupokelewa.